Alois Jilala, Baba Aliyefundisha Kutomsumbua Mtu

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yenu ni mzee wetu Alois Jilala, aliyezaliwa Samuye tarehe 14 Machi 1924, akafiwa na wazazi wote wawili angali mdogo, akalelewa nyumba hii na ile kwa ndugu waliomhesabia kila tonge, na huko ndiko alikojiapiza kwamba akikua hatamwomba mtu kitu.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1947 akaajiriwa kuendesha mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga, na tarehe 6 Juni 1953 akafunga ndoa takatifu na Febronia, wakajaliwa Coletha na Damian. Febronia alifariki mwaka 1964, naye Alois hakuoa tena, alipika mwenyewe, alifua mwenyewe, na jirani akibisha hodi alimjibu amesimama mlangoni.

Watoto aliwalea kwa neno moja, "Usimsumbue mtu kwa shida zako." Mwaka 1968 Damian alivunjika mkono shuleni, akatembea hadi nyumbani bila kumwambia mwalimu, baba yake akamsifu mbele ya dada yake, wala sifa hiyo mtoto hakuisahau.

Mwaka 1977 Damian alikwenda Geita kuchimba dhahabu, miaka ikapita bila salamu, na mzee akastaafu, akahamia Tinde peke yake. Agosti 1982 mchuuzi mmoja wa ng'ombe akampa pole, kwamba duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, lilimfukia mwanawe tangu Januari na kumvunja mguu. Mzee alipanda lori siku hiyo hiyo, akamkuta Damian kibandani, akijikokota kwa fimbo, na baada ya shikamoo na marahaba akamuuliza kwa nini hakuleta habari.

"Baba, ulitufundisha tusimsumbue mtu."

Mzee akasema, "Kwani mimi ni mtu? Mimi ni baba yako."

Alimsihi warudi pamoja, Damian akakataa kwa upole, akisema atajimudu, na mzee akarudi Tinde akijua vema maneno yale yametoka kinywani mwa nani. Tangu hapo alianza kuingia nyumba za watu kuomba chumvi, na jirani yake Mama Paskalina alipokuja kumjulia hali akaona mzee anayo chumvi tele, lakini akaendelea kumpa.

Aprili 1986 alianza kuumwa kifua, akalazwa, akamwita Coletha kutoka kwa mumewe Ushirombo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaagiza na Damian aitwe, lakini Damian alikuwa amehama machimbo, ujumbe ukazunguka bila kumpata. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa, mzee aligeuza kichwa. Alifariki tarehe 3 Juni, mkono wake ukiwa mkononi mwa Coletha, na Damian, ujumbe ulipomfikia hatimaye, akawasili jana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na majirani wa Tinde mliompokea kila alipobisha hodi. Damian ameomba tuwaambie kwamba mguu wake hautamwezesha kusimama kaburini kumfukia baba yake, anaomba mumshike.

Pumzika, Baba Coletha, amani ya Mungu ikufunike.