Mkono Uliongoja Dawa Yake

Nawasalimu, ndugu zangu, katika jina la Bwana anayestahili sifa. Mimi ni Mama Riziki, muuza samaki wa kutoka ziwani Vitshumbi, hapa mtaani Mabanga. Nitasema yaliyonipata bila kuyatia chumvi. Chumvi naibakizia samaki.

Mwiba wa samaki ulinichoma kiganja cha kulia. Mnajua desturi yetu: nikafungua kapsuli ya rangi mbili, nikamwaga unga wake ndani ya kidonda. Kiganja kilipovimba, majirani wakaniletea dawa zilizobaki makwao, kila mmoja na yake. Nilizimeza kwa shukrani, kidogo za huyu, kidogo za yule. Uvimbe ukapanda hadi kiwiko, na mkono ukanuka kuliko biashara yangu.

Hospitalini munganga, daktari wa zamu, alipasua kidonda, akakisafisha, akachukua usaha wa kupima vijidudu.

"Mama, hii mikrobe imezoea dawa," akasema. "Tutaipima mu labo na dawa mbalimbali, tuone ni gani inaiua. Sitakupa ingine ya kubahatisha."

Mume wangu alikasirika. Alikuwa amepata mtu wa kunidunga sindano nyumbani. "Unangoja nini? Wakukate mukono?"

Ndugu zangu, niliogopa sana. Muuza samaki wa mkono mmoja atapara samaki na nini? Nilimwomba Bwana, nikabaki kitandani. Imani yangu ilikuwa hiyo tu, kutomeza kitu.

Kisha munganga akaniletea kisahani cha labo. Mikrobe ilikuwa imekifunika kama ukungu juu ya uji uliolala. Juu yake alikuwa ameweka vikaratasi vyenye dawa. Dawa za majirani zangu, ukungu ulizifikia bila woga. Mbili tu zilizungukwa na duara safi lisilo na mikrobe, moja ya vidonge, nyingine ya sindano.

"Ya sindano ina nguvu zaidi, lakini inaweza kuumiza figo na masikio," akasema. "Mukono yako haiwezi kungoja ile ya polepole."

Nikadungwa. Kila asubuhi aliniuliza kama nasikia vizuri. Nilisikia, hata minong'ono ya wakwe zangu. Uvimbe ukashuka.

Mkono ndio huu. Vidole viwili havikunjiki, na namshukuru Mungu kwa vyote vitano. Majirani nawapenda, walitaka nipone. Lakini mimi nilimwomba Bwana dawa, naye akanipa kwanza mtu wa kuninyima.

Wewe mwenye kidonda unachokificha, mtumaini huyo Bwana. Usimeze kitu leo. Kesho asubuhi nitafunga meza yangu, nikusindikize hospitalini.