Saa Arobaini na Nane za Hamdun

Sikilizeni, wanangu Okwera na Aol, na simu zenu mzizime, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema neno mara mbili. Okwera, usikae. Simama hapo mlangoni na hiyo sare yako ya polisi, nikuone vizuri.

Nyumba hii ya Ntinda ni ya Aol. Shamba la Gulu mgawane bila kelele. Ugomvi wangu na mdogo wangu Alal uishe leo; yeye alisema ukweli juu yangu mbele za watu, nami nikamchukia kwa hilo miaka ishirini.

Aol, wewe ni mwalimu, na nimekusikia ukiwakaririsha watoto haki za raia, kwamba aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani kabla ya saa arobaini na nane kwisha. Maskini mwanangu! Sheria hiyo niliijua kuliko wewe. Wafundishe na hili pia: saa ya arobaini na saba nilikuwa naandika kwenye kitabu cha kituo kwamba fulani ameachiwa, namrudishia viatu na mkanda, namsindikiza mpaka langoni, na mguu wake ukigusa barabara tu namkamata upya, naandika saa mpya, hesabu inaanza tena.

Hamdun, muuza vitambaa, nilimtoa na kumrudisha mara tano, kwa kuwa hakutaka kutuambia alikojificha shemeji yake. Kila mara mkewe, Mwanawetu, alikuwa nje na chakula. Mara ya kwanza waliwahi kushikana mikono. Mara ya tano Hamdun alikataa kuvaa viatu, akasema, "Afande, niache humo humo ndani, usinitoe tena." Tulicheka, haki ya Mungu, tulicheka sana. Kesho yake akafa, nami nikaandika malaria.

Hila hiyo, Okwera, nilikufundisha mwenyewe, tukila, nikijisifu. Jana Mwanawetu alikuja hapa. Mwanawe Sufian yuko kituoni kwako siku ya nane sasa, umeshamtoa langoni mara tatu. Hakulia yule mama. Alinitazama tu nilivyolala, akasema, "Mwanao amejifunza vizuri, afande." Nikaona haya mpaka nikageukia ukutani.

Basi, baraka. Kwetu Waacholi mzazi humtemea mtoto mate kifuani ndipo aende salama. Aol, sogea. Haya... nimekutemea, uzae, uishi, uwafundishe watoto yote niliyosema, na jina langu ulitaje.

Okwera, njoo. Piga magoti. Fungua shati. Karibu zaidi... Inuka, sikutemei. Ulikuwa umeshafurahi, siyo? Hivyo ndivyo alivyokuwa akifurahi Hamdun akiliona lango. Rudi mlangoni! Nenda ukamwachie Sufian kweli, umkabidhi mama yake mkononi, kisha urudi mbio, uniletee neno la Mwanawetu mwenyewe kwamba amempata mwanawe. Ukinikuta hai utapata baraka yako. Ukinikuta nimekufa, utaishi bila baraka, na usithubutu kushika jeneza langu.

Aol... hapana, maji usinipe. Kinywa kikauke, ajue muda unakwisha.

Mbona sisikii viatu vyake? Aol... macho yangu hayaoni... Ameenda, au bado amesimama mlangoni?