Mama Upepo, Mpima Hewa Aliyeikana Ramani Yake

Ndugu, jamaa na majirani, ninayewasomea ni mdogo wake marehemu. Yeye ndiye aliyeniachia ziwa, na kwa sababu hiyo alijiona ana haki ya kuniamuru mpaka wiki iliyopita. Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa mwalimu na mshona nguo. Mama alisema alikuwa mtoto wa maswali: ukimwambia afunge mlango vumbi linaingia, anauliza linatoka wapi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1980, kisha akasoma hisabati na jiografia chuo kikuu. Baba alitaka awe daktari. Alipojua kuwa katika jiografia hiyo binti yake anasomea hewa, alisema basi, angalau hatakosa kitu cha kusomea, hewa ipo kila mahali.

Mwaka 1987 aliajiriwa idara ya mazingira ya manispaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza hesabu za kompyuta zinazokisia hewa ya mji itakuwa chafu wapi na lini, kutokana na upepo, mvua, barabara na matumizi ya ardhi. Huko ndiko alikopewa jina la Mama Upepo, nasi nyumbani tukalidaka.

Mwaka 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpiga chapa. Siku alipokwenda kutambulishwa ukweni, alipitisha kidole juu ya kabati la vyombo, akakitazama. Mama mkwe akanuna, akidhani mgeni amekuja kukagua usafi. Kumbe alitaka tu kujua upepo unaleta nini upande ule. Ilichukua muda kueleweka, lakini mwishowe mkwe na mkwewe wakawa chanda na pete. Ndoa ilijaliwa mabinti wawili.

Jambo lililompima kuliko yote lilitokea mwaka 2009. Manispaa ilitaka kujenga shule ya msingi bondeni, na ramani ya hewa aliyoichora yeye ilionyesha kuwa bonde ni safi. Mkataba ulikuwa unasubiri sahihi. Asubuhi moja ya kipupwe alipita bondeni akaukuta moshi umelala chini, umekataa kunyanyuka. Hapo akaona kosa lilipokuwa. Vipima hewa vilifungwa wakati wa masika, mvua ikiosha kila kitu, vikaondolewa mara masika yalipokwisha ili vumbi la kiangazi lisiviharibu. Yaani vilikingwa na kitu kilekile vilichonunuliwa kukipima. Tena katika hesabu zake bonde lilikuwa bado ni bustani za mboga, wakati bustani zilishageuka gereji, maegesho ya malori na viwanja vya mkaa.

Mkuu wake alimsihi anyamaze, akimkumbusha kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Dada alimjibu kuwa hayajamwagika bado. Akaenda kusimama mbele ya madiwani.

"Ramani ni yangu, na imekosea," alisema. "Niliupima mji ukiwa umetoka kuoga. Msiwapeleke watoto pale."

Diwani mmoja akamuuliza wamwamini Mama Upepo yupi, wa jana au wa leo.

"Wa leo. Wa jana hakupima kiangazi."

Walimhamishia masjala, kazi yake ikawa kupanga majalada. Alilia, siwafichi, maana ile kazi aliipenda mno. Lakini wenzake waliobaki idarani walivirudisha vipima bondeni, wakapima misimu yote, mvua na jua. Majibu yalipotoka, yule diwani mwenyewe aliinua mkono kuukataa mkataba. Shule ikajengwa mlimani, malori yakapangiwa njia nyingine, naye akarudishwa kwenye meza yake. Tangu hapo mpaka alipostaafu mwaka 2021, hakukubali mradi wowote uliopimwa msimu mmoja.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alitibiwa katika hospitali ya rufaa, na tunawashukuru wauguzi waliovumilia maswali yake kuhusu feni za wodi. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, mkono wake ukiwa mikononi mwa mumewe. Tumeumia, na tutaumia kwa muda.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka yetu mkubwa na sisi wadogo zake watatu. Mwalimu mkuu wa shule ya mlimani alikuja juzi kutupa pole, akauliza kama leo aifunge shule ili watoto waje kumzika. Binti mkubwa wa marehemu alimshukuru, akakataa.

"Mama hakugombana na mji mzima ili watoto wakose masomo," alimwambia.

Kwa hiyo hawapo hapa. Wapo darasani saa hii, madirisha wazi, wanapiga kelele, wakivuta hewa bila hata kuifikiria.

Dada yetu na apumzike kwa utulivu.