Thorkild Lauesen, Mpimaji wa Misukosuko ya Upepo (1941–2019)

Thorkild Lauesen alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 mjini Lemvig, magharibi mwa Jutland nchini Denmark, mtoto wa pekee wa fundi wa mapaa. Alisoma hapo hapo mjini, kisha akasomea uhandisi Copenhagen na kuhitimu mwaka 1966.

Mwaka 1971 alifungua karakana Roskilde pamoja na rafiki yake wa chuoni, Viggo Damsbo. Walibuni kifaa cha kupima misukosuko ya upepo: vichwa vidogo, kila kimoja kwenye ncha ya mkono wa chuma, vilivyorushiana sauti, vikapima jinsi upepo unavyoiharakisha au kuichelewesha. Kiliuzwa nchi nyingi.

Tarehe 16 Juni 1973 alimwoa Ingelise. Karamu ilifanyika kwenye uwanja wa karakana, karibu na mnara wa kujaribia kifaa.

“Mama, sogea kidogo, unaniharibia upepo,” alimwambia mama mkwe.

“Binti nimeshakupa, na upepo nao unautaka?”

Hata hivyo alisogea, na sahani yake mkononi.

Mwaka 1988 Thorkild aligundua kwamba mikono ya kifaa chenyewe ilikuwa ikiukinga upepo, hivyo vipimo vya miaka yote vilikuwa pungufu. Viggo alimsihi watengeneze kingine kimyakimya.

“Ukitangaza, Thorkild, tumekwisha.”

“Upepo haujakosea, bwana. Tumekosea sisi.”

Alitangaza. Wateja walikimbia, karakana ikafungwa, na wawili hao hawakusemezana tena, ingawa mkate walinunua duka moja. Thorkild alifundisha hadi alipostaafu. Hakujutia kutangaza. Kumpoteza Viggo kulimuuma, na alikuwa akisema hivyo waziwazi mezani.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2017. Binti yake Ragnhild, anayewasomea wasifu huu hapa mazishini, alimuuguza nyumbani. Kila kengele ya mlango ilipolia, Thorkild aliuliza, “Ni Viggo?”

“Ni mtu wa posta, baba.”

Ragnhild alimpigia Viggo simu. “Nitakuja wiki ijayo,” alijibu. Thorkild alifariki Jumanne, tarehe 12 Februari 2019, kabla ya wiki hiyo kufika. Ragnhild aliosha vikombe, akaagiza maua, akapanga viti. Hadi leo hajalia. Hahisi kitu, na hajui kwa nini.

Marehemu ameacha mjane, Ingelise, binti, Ragnhild, na wajukuu wawili, Asger na Tove. Hao ndio watakaobeba jeneza, pamoja na majirani. Mbele, upande wa kushoto, hajapangwa mtu. Viggo, kama umekuja, hapo ni pako.

Lala salama, Thorkild wetu.