Siku ya Jina la Epaminonda

Tarehe 9 Novemba 1947, padri aliandika katika kitabu cha ubatizo cha kanisa letu jina la mtoto: Dimitrio. Baba yake, mkulima wa pamba ambaye shamba lake lilipakana na nguzo ya ushindi ya Leuktra, alitaka aitwe Epaminonda, kama jemadari wa kale wa mji wa Thiva aliyewavunja Wasparta kwenye uwanda huo wa Leuktra. Padri alikataa kwa sababu hakuna mtakatifu wa jina hilo. Kijiji kikamwita Nonda, na Dimitrio akabaki kitabuni.

Marehemu Epaminonda Karavida alizaliwa tarehe 2 Septemba mwaka huohuo. Alimaliza sekondari Thiva mwaka 1965. Alikuwa fundi wa matrekta, baadaye wa mashine za kuvuna pamba, hadi alipostaafu mwaka 2012.

Mwaka 1973 alimchumbia Asimina Douka. Mwaka uliofuata Asimina alihamia Melbourne na wazazi wake. Marehemu hakuoa.

Asiye na mtakatifu hana siku ya jina, yaani sikukuu ya mtakatifu wake ambapo watu huja kumpongeza, na asiye na siku ya jina hapigiwi hodi. Siku ya mtakatifu Dimitrio hakuihesabu kuwa yake. Basi akajichagulia siku ya ushindi, tarehe 6 Julai. Kila mwaka alisugua ngao za mawe za ile nguzo kwa brashi, akaweka sinia la biskuti za lozi, akakaa kungoja wageni mpaka jua lizame. Mwaka 2009 basi la watalii lilisimama. Jioni, Stamati wa mkahawa akamtania:

"Nonda! Nasikia jemadari wako kapata wageni!"

"Walitaka choo," akajibu. "Halafu wakauliza njia ya kwenda kwenye sanamu ya Leonida, yule mfalme wa Sparta."

"Si ndiye yule aliyeshindwa vita vyake?"

"Huyohuyo. Lakini walikula biskuti mbili."

Kila mwaka alimwalika mpwa wake Polixeni, anayesoma maneno haya. Kila mwaka Polixeni alijibu: "Mwakani, mjomba."

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2024. Tarehe 19 Mei mwaka huu alilazwa hospitalini Livadia. Siku moja kabla hajafa aliuliza:

"Polixeni, mwaka huu je?"

"Nitakuja, mjomba."

"Basi usije mikono mitupu. Ile brashi imekwisha meno."

Alifariki Jumanne, tarehe 27 Mei 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha dada yake Evgenia. Mpwa wake Polixeni na mumewe Vangeli. Na mtoto wao, aliyepewa jina la babu yake mzaa baba, Leonida. Marehemu alinuna wiki nzima kwa jina hilo, kisha akamchongea mtoto ngao ya mbao.

Mungu ampumzishe, na udongo wa uwanda huu usimlemee.

Misa ya arobaini itasomwa Jumapili, tarehe 6 Julai, saa tatu asubuhi. Ikimalizika, Polixeni atakwenda Leuktra na brashi mpya, ndoo ya maji na sinia la biskuti, na atakaa mpaka jua lizame.