Mama Nani?

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mimi ninayetetemeka! Musinishangae nikishika hiki kiti.

Mimi ni Mama Riziki, muzaliwa wa Pepa, nimeolewa hapa Kalemie. Ndani ya ushuhuda wangu kuna neno ambalo Mama Furaha, kiongozi wa kwaya yetu, hajalisikia bado. Naogopa sana kulisema mbele yake. Lakini nikilinyamazia, nitarudi kwenye shimo ambamo Bwana alinitoa.

Nilipofika hapa, Pasta aliniomba niombe kwa sauti. Woga ukanishika, Kiswahili kikanikimbia, nikamalizia kwa Kitabwa cha kwetu. Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini mimi nilikufa kwa haya! Tangu siku ile nikafunga mulango. Ibada, kwenye simu. Kilio cha jirani, kwenye simu. Nikaingia katika grupu ya simu ya avenyu yetu, barabara tunayokaa, kwa jina la kujipachika: Sauti ya Nyikani. Ndiyo, ndugu zangu, ule muntu mulikuwa mukimutafuta njo mimi!

Kwaya ikiimba, naandika: "Hao ni waimbaji ao mbuzi wa sokoni?" Watu wakifanya salongo, ile kazi ya wote ya usafi, wanazibua mufereji wa maji, kila nyumba mbele ya mulango wake, naandika: "Mumechimba upande, wavivu ninyi." Na mimi nimelala kitandani! Mbele ya mulango wangu mufereji ulikuwa umejaa muchanga, maana nani angeuzoa? Mume wangu alikuwa kazini Kongolo, na mimi nilikuwa nasahihisha wengine. Raha sikuwa nayo. Kila simu ikilia, moyo unaruka: leo wamenijua!

Siku moja muchana mvua ikapiga. Mvua gani ile! Maji yakashuka toka mulimani, yakafika kwenye muchanga wangu, yakakosa njia, yakaingia ndani ya nyumba. Riziki alikuwa na homa kali. Ukuta wa nyuma, wa matofali mabichi, ukaanza kupasuka. Nikaandika: "Nisaidieni, maji yameingia, mutoto ni mugonjwa!" Majibu yakaja: "Wewe ni mama nani?" "Nyumba gani?" Mumoja akaandika: "Leo Sauti ya Nyikani anakosoa mvua!" Wengine wakacheka.

Mama nani! Kwetu nyumba haina namba, muntu anajulikana kwa jina la mutoto wake. Na jina la Riziki hakuna aliyelijua, hata jirani. Nikalia, "Ee Yesu, mutoto wangu atakufa kwa sababu mama yake alijificha!" Ndani yangu nikasikia: Toka. Basi. Nikamubeba Riziki mugongoni, nikaacha simu mezani, nikaingia ndani ya maji, nikapiga kelele kwa kinywa changu mwenyewe, nusu Kiswahili, nusu Kitabwa.

Aliyetoka wa kwanza ni Mama Furaha, anayekaa ngʼambo ya barabara. "Yesu wangu! Kumbe humu munakaa watu?" Akamupokea mutoto, akamufunika na kitenge chake, akaita wanaume na majembe. Walikuwa wangali wanazoa ule muchanga, ukuta ukaanguka juu ya kitanda tulichoacha. Juu ya kitanda, ndugu zangu! Halafu Mama Furaha akaniuliza: "Na wewe ni mama nani?" Nikasema, Mama Riziki. Lile jina lingine, Sauti ya Nyikani, sikulitaja.

Alitulaza kwake mpaka Riziki akapona. Akaniingiza katika kwaya. Kila tonge la ugali wake nilimeza na woga. Mama Furaha, aliyekuita mbuzi wa sokoni ni mimi. Nisamehe.

Asante Yesu, mutoto wangu yuko hai! Na wewe unayenifuata sasa kwenye simu, vidole tayari kuandika, naujua woga wako. Mutegemee Bwana, fungua mulango. Watakucheka, ndiyo, watakucheka. Lakini siku ya maji watajua pa kukupata.

Mama Furaha, naona umesimama. Sijui unakuja kunipiga ao kunikumbatia. Njoo tu, mama. Sikimbii.