Kiti Alichokuja Nacho Baba Yenu

Sogeeni motoni, wanangu, wewe Eyvind na wewe Jorunn, mnisikilize bila kunikatiza, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kubishana. Jorunn, acha kunifunika, mama. Leo sisikii baridi, moto huu unanitosha, na nitawaambia kwa nini.

Nianze na vitu vya nyumbani, ambavyo si vingi. Mtambo wa kufumia ni wa Jorunn, pamoja na vibanio vyangu vya fedha. Ng'ombe mwekundu na kondoo wa ng'ambo ya kijito ni wa Eyvind, ila yule dume mwenye pembe iliyovunjika mpeni Kalf, na kuanzia leo mtu asimwite mtumwa, nimemwacha huru na majirani wamesikia. Mashua ni yenu wote wawili, ya kuvulia samaki. Narudia, Eyvind, ya kuvulia samaki.

Usiinamishe kichwa. Ulidhani mgonjwa hana masikio? Vijana wanakuja na mashoka yao, eti kunijulia hali, halafu mnajifungia kwenye kibanda cha mashua mnanoa. Sisemi hunipendi, uji wangu unanilisha kwa mkono wako mwenyewe. Lakini unaingoja pombe ya matanga, yangu na ya baba yako niliyoizuia alipokufa, ukae kwenye kidato, kibao cha kukanyagia chini ya kiti chake cha enzi, uletewe pembe ya kunywea, usimame uape mbele ya watu kwamba utarudi Raumvik, nchi tuliyofukuzwa, kumng'oa baba yako mdogo, ndipo unywe na kupanda kitini. Kiangazi kilichopita nilipokugusia habari ya kiapo hicho, ulinijibu kwa kejeli, "Sasa niape nini, mama? Kuchunga kondoo?" Nilikuwa bado sijapata nguvu za kukusimulia. Leo nakusimulia.

Babu yenu alipokufa, baba yenu Hroald alikaa kwenye kidato hicho hicho, kijana mzuri, nywele zimechanwa, na mimi bibi harusi wake nikamletea pembe kwa mikono yangu. Akasimama akaapa kwamba akiwa mfalme hatangoja ngao za mtu yeyote zipigwe kumkubalia neno lake. Ukumbi ukaangua kicheko, watu wakampigia meza, wamelewa wote, na aliyecheka kuliko wote ni Bersi, mzee wa sheria. Asubuhi hakuna aliyecheka tena, kwa sababu aliyeapa kwa pembe hana pa kurudi, akijirudi hata mbwa wa nyumbani watamdharau.

Ukaja mwaka ambao shayiri iliozea shambani na wavamizi wakachoma vijiji vya pwani, na mfalme alihitaji meli na watu. Watu walikuwa tayari, wanangu, wengine walikuja uwanja wa baraza na vyakula vyao vya safari. Kilichotakiwa ni aulize tu, kama wafalme wote walivyouliza, nao wapige mikuki kwenye ngao kukubali. Usiku wake nilimshika magoti nikimwomba aulize, akaniambia, "Ingunn, niliapa. Wewe ndiye uliyenishikia pembe." Akaenda akaamuru. Hakuna mkuki uliogusa ngao, uwanja ulikuwa kimya mpaka nikawasikia farasi wakitafuna nyasi. Bersi akasimama, naye alikuwa analia, akasema, "Bwana, wewe hukuzihitaji ngao zetu. Basi leo hazipo." Wakampa mdogo wa baba yenu ufalme, wakatupa meli moja tuondoke kabla ya barafu. Msimchukie Bersi. Nimemchukia kwa niaba yenu nyote na haikunisaidia kitu.

Baba yenu alikataa kuondoka bila kiti. Mlikuwa na mdogo wenu, Asa, ambaye ninyi hamkumbuki sura yake. Tukapigwa na dhoruba, mvua ya barafu ikitumiminikia, na ngozi za sili zisizopitisha maji tulizokuwa nazo, baba yenu alikuwa amezifungia kiti kisiharibiwe na maji ya chumvi. Nilimwambia mtoto anatetemeka. Akaniambia ningoje kidogo, upepo utatulia. Ulipotulia, Asa alikuwa ameshapoa mikononi mwangu, tukamwacha baharini.

Sikumwambia neno, si siku ile wala baadaye. Lakini mliona wenyewe, katika nyumba hii ya udongo na nyasi, kiti kimesimama pale pembeni miaka yote na baba yenu anakula amekaa chini, kwenye majani, pamoja na kondoo. Mkidhani ni unyonge. Alikuwa hawezi kukigusa.

Sasa tazameni pale pembeni. Naam. Mlikuwa malishoni tangu alfajiri, nikamwomba Kalf alete shoka. Nguzo zake, mgongo wake, mikono yake iliyochongwa farasi, ndivyo hivyo vinavyowaka. Ni mwaloni mkavu, una joto zuri. Joto hili lilikuwa la Asa, nalipokea mimi nikiwa nimechelewa.

Pembe nizikeni nayo, iwe tupu. Nizikeni penye mteremko, nielekee baharini. Pombe msipike. Wapeni watu samaki mkavu na siagi, waende zao. Jorunn, usiolewe na mtu anayeapa mezani. Mungu wetu Frey awape nyasi na wanakondoo mapacha, awape... ngojeni nipumue... awape watoto wanaolala wakiwa na joto. Nimewaridhia wote. Sina kinyongo.

Eyvind. Kuna kipande kimebaki, hapo karibu na mguu wako. Ndicho kidato. Kalf alitaka kukitia motoni, nikamkataza. Nimekuachia wewe.

Sikulazimishi. Baba yako aliamuru, mimi nauliza.

Moto unapungua, mwanangu. Baridi imeanza... miguuni hapa. Mikono imekufa ganzi.

Eyvind?

Eh. Nimeusikia moto ukikishika. Asante, baba. Kaa hapo hapo, kwenye mwanga, nikuone.